Nota za Mlinzi wa Getini

Kuna siku moja ambayo kila ikinirudia kichwani damu hunichemka, mwanangu, na miaka imepita. Haikuwa siku ya msiba. Hakufa mtu, hakuibiwa mtu. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka wa elfu mbili na kumi na sita, hapa hapa Johannesburg, nilipokwenda chuoni kujaribiwa kama nafaa kuchukuliwa kusomea shahada ya tamthilia za muziki. Ndiyo, hiyo hiyo ambayo fomu yake umeibandika kwenye friji ya mama yako. Kaa hapo. Simu iweke chini. Leo hatuanzi kwa kuimba.

Na usinitazame hivyo ninapokuita mwanangu. Najua sina mvi, na najua mkiwa huko nyuma kwenye soprano mnasema mwalimu wenu Tantine anajifanya bibi kizee. Mama yako ananiita mdogo wake, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, upende usipende. Na Kiswahili changu unakielewa vizuri sana, kwa hiyo usinijibu kwa Kiingereza. Leo hujibu chochote. Leo unasikiliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Wenzangu kwenye foleni walikuwa watoto wa miaka kumi na minane, wengine wameletwa na wazazi wao kwa magari yanayong'aa. Mimi nilifika nchi hii nikiwa na miaka kumi na minne, nikarudishwa darasa la watoto wadogo kwa sababu sikujua Kiingereza, na nilipomaliza shule nikasimama miaka mingine nikisuka nywele Yeoville huku nikingojea karatasi zangu. Kusuka si aibu, mama yako amekulea kwa kusuka. Lakini mimi nilitaka jukwaa. Nililitaka mpaka nikawa naimba nikisuka, wateja wananiambia niangalie mistari ya kichwa chao. Nafasi ile chuoni niliiona kuwa ya mwisho. Nikiikosa, nilijua nitazeekea kwenye kile kiti cha saluni nikisema ningekuwa, ningekuwa.

Aliyenilea ni Baba Mdogo Elia, mdogo wake marehemu baba. Wewe unamjua: ni yule mzee wa benchi ya pili anayejipiga paja kwa kidole mkikosea mapigo. Kule kwetu Uvira alikuwa mwalimu wa shule. Hapa alikuwa mlinzi wa geti la jengo moja la ofisi mjini, anafungua, anafunga, anaandika namba za magari. Ikifika jioni anavua ile kofia, anakuja Bertrams kanisani, anakuwa mwalimu wa kwaya yetu.

Hakuwa na piano. Alikuwa na sol-fa. Unazijua zile karatasi za kwaya, d, r, m, f, zenye nukta na vistari, ambazo ninyi watoto wa hapa mnazikunjia pua. Baba Mdogo aliweza kuandika sauti nne za wimbo mzima bila kugusa kinanda, akiwa amekaa kwenye kibanda chake cha getini, rula mkononi, kalamu nyekundu kwa soprano na ya buluu kwa wengine. Akikupa karatasi, unaisoma, unaimba. Hakuna kusikiliza kwanza kwenye simu. Mtoto wa miaka tisa kwenye kwaya yetu aliweza kupokea karatasi mpya na kuimba sauti yake papo hapo. Nani alituambia kwamba hilo ni jambo kubwa? Hakuna. Sisi tulidhani dunia nzima inaishi hivyo.

Alikuwa pia na sheria moja ambayo tuliiogopa kuliko fimbo. Ukiharibu wimbo kwenye mazoezi, hukohoi, humtazami jirani yako. Unasimama mbele ya wote, unasema, "Nimeharibu, naomba turudi," na kwaya nzima inarudi mwanzo kabisa wa wimbo. Nimeona wazee wenye ndevu wakisimama kusema hivyo. Ukishasema, hakuna anayelitaja tena kosa lako. Wimbo umerudi, yamekwisha.

Sasa fomu ya chuo ilitaka nyimbo mbili. Mmoja tuchague kwenye orodha yao, na mpiga piano wao alikuwa nao tayari. Wa pili uwe wimbo wowote aupendao mwombaji, ila aje na muziki wake umeandikwa, ili mpiga piano amfuate. Nikamwambia Baba Mdogo, "Wanataka nota." Uso wake ukafunguka.

"Nota?" akasema. "Basi hapo wamefika kwangu."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, mwanangu, kwenye neno moja. Kwetu nota ni sol-fa. Kwao nota ni ile mistari mitano yenye vichwa vyeusi vinavyoning'inia. Hatukujua kwamba tunasema mambo mawili tofauti, na hakuna aliyeuliza. Wiki tatu Baba Mdogo aliandika. Alichagua wimbo alioutunga mwenyewe, kuhusu safari yake kutoka Uvira kupita Zambia na Zimbabwe mpaka huku, wenye kiitikio kinachosema, "Nimefika, lakini bado niko njiani." Aliuandika mara tatu, kwa sababu nakala ya kwanza ilidondokewa na chai na ya pili mstari mmoja ulipinda. Ile ya tatu ilikuwa safi mno, ukiiona utadhani imetoka kiwandani. Akatoa na nakala moja ya kubaki nayo yeye.

Siku ilipofika alikuja nami moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa sare yake, jaketi lenye jina la kampuni mgongoni. Nilikuwa nimemwomba abadili nguo. Alisema angechelewa. Tulipoingia kwenye ile korido ndefu iliyojaa wasichana wenye viatu vya kuchezea na mama zao wenye harufu nzuri, nikamwambia, kwa adabu, kwamba kuna kiti kule mwisho, akapumzike. Alikwenda, akaketi. Mimi nikashusha pumzi. Yaani hata mlango sijaingia, nimeshaanza.

Chumba kilikuwa kikubwa, sakafu ya mbao, vioo ukuta mzima. Mezani walikaa watatu. Mkuu wao alikuwa mama wa Kizungu mwenye miwani ya mnyororo. Kulia kwake msichana aliyekuwa akiandika tu. Kushoto, mhadhiri mmoja Mzulu, baba wa makamo, ndevu zimechongwa vizuri. Kwenye piano kijana mwenye nywele amezifunga kisogoni. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, niamini, mpaka yule mama mkuu akainua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake. Nikajiambia, nafasi hii hapa, naigusa.

Nikampa kijana karatasi ya Baba Mdogo.

Aliitazama. Akaigeuza juu chini. Akaigeuza tena. Akauliza hii ni lugha gani. Nilipofungua mdomo kueleza, akaiinua wote waione, akasema, "Au ni paswedi ya waifai?"

Wakacheka. Yule mama mkuu alicheka, akaomba aione, akaitazama kidogo tu huku bado anacheka, akampa mhadhiri. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Watu wanaishi katika nchi ambayo kutoka Alexandra mpaka Soweto, kila shule ya kitongoji na kila kanisa la mabati lina watoto wanaoimba kwa herufi zile zile, nchi ya kwaya, nchi ambayo hata mazishi yake yana sauti nne, halafu wanakaa kwenye meza ya kupima nani anajua muziki na hawajawahi kuiona karatasi hiyo. Na hawakuona aibu kutoijua. Aibu walinipa mimi niibebe.

Lakini ngoja, mbaya zaidi inakuja. Mhadhiri yule alipoishika karatasi niliona macho yake yakienda kushoto kulia, mstari kwa mstari, bila kusita. Kidole chake kikagonga meza, moja, mbili, tatu. Alikuwa anasoma. Aliisoma mpaka chini, akamrudishia kijana wa piano, akanyamaza.

Na mimi, mwanangu? Mimi nilicheka pamoja nao. Wala si kucheka kwa woga. Nilicheka kama mmoja wao, kichwa nyuma. Kisha nikasema, kwa Kiingereza changu kizuri nilichokipata kwa jasho, "Samahani, aliyeandika ni baba yangu mdogo. Yeye ni mlinzi wa getini tu."

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kingekuwa kimepona.

Yule mama mkuu akasema basi nisijali, niimbe bila piano. Sauti nilikuwa nayo, Baba Mdogo alikuwa ameipanda masikioni mwangu, sikuhitaji kinanda kunipa pa kuanzia. Nikaanza. Mlango wa korido ulikuwa wazi nusu kwa sababu ya joto.

Kilichotokea huko nje nilisimuliwa baadaye. Kulikuwa na mama mmoja mfagiaji, Mama Nomsa, anafagia koridoni. Alimwona Baba Mdogo ameshika nakala yake, akachungulia. Baba Mdogo Kizulu chake kilikuwa cha "habari" na "kwaheri", na yule mama Kiswahili hajui hata neno. Lakini herufi alizijua. Alikuwa alto kwenye kwaya ya kanisa lake tangu usichana. Akaegemeza fagio ukutani, akashika upande mmoja wa karatasi, na mimi nilipoingia kiitikio mle ndani nikasikia sauti ya pili ikinipokea kutoka nje, chini yangu kidogo, so, so, la, so, mi. Hakuweza kuyaimba maneno kwa hiyo aliimba herufi zenyewe. Na chini yake ikaja teno ya Baba Mdogo, taratibu, kama anavyofanya asiyetaka kuwafunika wengine.

Sijawahi kusikia wimbo ule ukikaa vizuri namna ile. Watu wawili wasiojuana, hawana hata lugha ya kusalimiana, wameshika karatasi moja na wanaimba sauti zao bila kukosea hata nukta. Kama wale pale mezani walikuwa wanatafuta watu wanaojua muziki, walikuwa wamewapata wawili koridoni, bure.

Yule mama mkuu akakunja uso. Akasema, "Tafadhali funga huo mlango, wafanyakazi wanapiga kelele."

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikanyamaza katikati ya mstari, nikaenda. Nilipofika mlangoni niliwaona. Mama Nomsa mdomo wazi, bado ameishikilia sauti yake. Baba Mdogo kofia iko kwapani. Aliponiona akatabasamu, akapiga hatua moja mbele. Alidhani nimekuja kuwaita waingie.

Nikafunga mlango.

Acha nipumue kidogo. Nilikuambia damu hunichemka.

Nikarudi, nikamalizia wimbo peke yangu, wakasema asante, tutawasiliana. Tulitoka na Baba Mdogo kwa miguu, tukashuka kuelekea mjini ili tukatize hadi Troyeville tulikokuwa tunaishi. Hakuniuliza majaribio yalikwendaje. Mimi nilikuwa naongea tu, naongea, nikisifu chumba, nikisifu vioo. Tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, ikiwa nyekundu, akasimama.

"Ule mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa nimesogea karibu nikusikilize," akasema. "Nilisikia uliposema mimi ni nani. Hukusema uongo, kazi yangu ni geti. Hilo nitalimeza, wewe ni mtoto wangu. Lakini yule mama si mama yako. Hakukuomba kitu. Alikupa sauti ya pili, ukamfungia mlango usoni. Umeharibu wimbo. Kwetu aliyeharibu hufanya nini?"

Robot ikawa ya kijani, watu wakatupita pande zote, sisi tumesimama pale pale. Nikamwelewa anataka nini. Nikamsihi. Nikamwambia nitarudi wiki ijayo. Nikamwambia wale watu bado wamo mle ndani, wakiniona naimba koridoni na mfagiaji waliyesema anapiga kelele, nafasi yangu imekwenda na maji.

"Basi iende," akasema Baba Mdogo, akageuka, akaanza kupanda kule tulikotoka.

Nilimfuata nikiwa na hasira naye. Nakuambia ukweli, kwa sababu wazee wengi wakisimulia ujana wao hujifanya walielewa hapo hapo. Sikuelewa. Nilimwona mzee mkaidi anayechoma maisha yangu kwa ajili ya mtu tusiyemjua. Nilipanda kile kilima nikilia na kununa.

Mama Nomsa tulimkuta kwenye ngazi za nyuma, amekaa anakula mkate na chai yake. Nilisimama mbele yake. Kizulu nakijua, nilikuwa nimetafuta maneno njia nzima, na unajua, mwanangu, kwa Kizulu kuharibu na kutenda dhambi ni neno moja. Nikasema, "Ngonile, Ma." Kisha nikaomba turudi mwanzo wa wimbo.

Akafuta makombo kwenye aproni.

"Milango nimefungiwa tangu sijazaa, mtoto wangu," akasema. "Hiyo nimeizoea. Lakini wewe umefunga katikati ya mstari. Ungesubiri basi tufike kwenye nukta."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na kamasi zikanitoka, usifikiri ilikuwa picha nzuri. Baba Mdogo akatoa karatasi. Tukaimba pale kwenye ngazi, sauti tatu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Tulipofika kiitikio cha pili nikainua macho, nikamwona yule mhadhiri amesimama ngazi za juu na kikombe cha kahawa. Midomo yake ilikuwa inatembea. Ilifuata besi, nota kwa nota, nilimwona, lakini sauti haikutoka. Sisi tukaimba sauti tatu, ya nne imesimama hapo juu na kikombe chake. Yule mama mkuu alipotokea nyuma yake, wakaondoka pamoja.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa. Walisema nina kipaji, wakasema wamefurahi kunisikia, na chini kabisa wakaandika sababu: mwombaji hawezi kusoma muziki.

Hebu nirudie usikie vizuri. Mimi, niliyesoma sauti nne kabla sijajua kuandika barua ya mapenzi, hawezi kusoma muziki. Nilitaka kuichoma. Nilizunguka jikoni nikisema maneno ambayo sitayarudia mbele yako. Walioshindwa kusoma ni wao! Mtu amepewa maandishi akashindwa kuyasoma, halafu anaandika kwamba aliyeyaleta ndiye hajui kusoma. Mpaka leo sijasamehe hilo vizuri, na Mungu ananijua.

Baba Mdogo aliisoma barua mara mbili, akaikunja. Nilingoja aniambie pole, au akasirike nami, au akiri kwamba hatukupaswa kurudi kuimba kwenye zile ngazi. Akauliza, "Hizo nota zao zinauzwa wapi?"

Alitafuta kitabu cha zamani cha kufundishia watoto piano, akakipata kwa mchuuzi wa vitabu, kimechanika jalada. Tukajifunza pamoja kwenye meza ya jikoni, yeye na miaka yake hamsini na kitu, miwani puani. Zile nota zenye mikia aliziita viluwiluwi. Alinung'unika kila siku. Alisema huu ni uandishi wa watu wenye karatasi nyingi. Lakini alijifunza, na alinishinda, na mwaka uliofuata alikaa akauandika wimbo wake upya: mistari mitano juu, na chini yake, kwa kalamu ile ile nyekundu na ya buluu, sol-fa.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote nikidhani ni ya watu wavivu wasiotaka vitu vipya. Baba Mdogo hakuwa mvivu. Alikubali kutandika msala wao, ila mbacha wake alikataa kuutupa.

Nikarudi. Chumba kile kile, meza ile ile, kijana yule yule wa piano. Safari hii Baba Mdogo alikuja na sare yake na akakaa kiti cha kwanza kabisa, mlangoni, kwa sababu mimi ndiye niliyemketisha hapo. Kijana alipoipokea karatasi akauliza yale maandishi ya chini ni ya nini. Nikamjibu, "Ni ya mwalimu wangu. Yuko hapo mlangoni. Ukikwama, muulize." Hakucheka mtu. Walinichukua.

Mwaka wangu wa pili pale, yule mhadhiri Mzulu alinisimamisha koridoni. Alizunguka zunguka, mara hali ya hewa, mara masomo. Mwishowe akasema, "Ile karatasi ya kwanza nilijua kuisoma. Mama yangu alikuwa mtumishi wa nyumbani, ndiye aliyenifundisha."

"Najua, mwalimu," nikamwambia. "Nilikuona."

Aliinamisha kichwa. Alieleza kwamba ulikuwa mwaka wake wa kwanza kukaa kwenye meza ile, na kwamba aliogopa wamwone naye ni mtu wa herufi zile, kama mimi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba kali ya siku hiyo, na sikuitoa. Ningeanzaje? Yeye alinyamaza tu. Mimi nilisema, nikacheka, nikafunga na mlango.

Sasa nikuambie kwa nini leo hatujaanza na mazoezi. Jana mama yako alikuja kukuchukua, aproni ya saluni imejaa vipande vya nywele, ametoka kusimama tangu asubuhi. Nilikuwa napanga viti humu kanisani, mkanisahau. Nilikusikia ukimwambia Jumamosi, siku ya majaribio yako, asifike mpaka chuoni. Akusubiri kule chini kwenye robot. Kwamba Kiingereza chake kitawafanya watu wakucheke. Naye akasema, "Sawa, mama." Alilisema haraka mno, mwanangu, na wewe ulikuwa unaangalia simu. Mimi niliuona uso wake alipogeuka.

Nimekasirika, ndiyo. Usiku mzima nimekasirika. Kidogo nawe, zaidi na hao watu waliokufundisha, bila hata kusema neno, kwamba kuna aina ya mama anayefaa kuonekana na aina ya mama wa kuachwa kwenye robot. Watu hao hujawahi kukutana nao, na tayari unawafanyia kazi yao. Mimi niliwafanyia bure pia.

Basi sikia nasaha yangu. Nota zao jifunze zote, na ngoma zao, na Kiingereza chao mpaka wakuulize umezaliwa wapi. Usiwe mjinga kwa ajili ya ujeuri. Mimi nilipoteza mwaka mzima kwa kutouliza neno moja lina maana gani. Lakini wakimcheka aliyekufundisha, meno yako yasionekane. Ukikosa nafasi kwa sababu hukucheka, nafasi zinarudi, mimi ni shahidi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na wewe, mwanangu, bado utazaliwa mara nyingi kwenye kazi hii, na kila mara utamhitaji mtu wa kukupokea. Na ukishaharibu, kwa sababu utaharibu, usingoje wiki ijayo. Rudi siku hiyo hiyo, hata kama ni kupanda kilima ukinuna.

Mama yako yuko nje sasa hivi. Nilimkaribisha akae ndani, akakataa, akasema yuko sawa pale pale getini, asije akamtia mtoto aibu mbele ya wenzake. Na mvua imeanza. Nenda kamwombe radhi, kwa Kiswahili alichokulelea, hata ukikivunja vunja. Ukishaingia naye ndipo tutaimba.

Inamisha kichwa kwanza. Mungu akupe sauti inayodumu na masikio yanayowasikia walio nyuma yako. Wakikupokea, akupe kiasi; wakikukataa, akupe hasira ya kutosha kurudi. Akulinde na kicheko cha watu wasiokujua. Na siku utakayoitwa kwa jina lako jukwaani, wakiuliza huyu ni mtoto wa nani, awepo mtu wa kusimama na kusema ni wangu, naye asiwe amekaa mbali. Amina. Haya nenda, analowa.